Wanafunzi Wekundu wa Sirkka

Nilichokiona kwanza kwa Sirkka Vanhatalo ni kwamba ukimuuliza jambo hajibu papo hapo. Siku yangu ya kwanza kazini, hapa chuoni mjini Joensuu, nilidhani hakunisikia, nikarudia swali kwa sauti.

"Nimekusikia, Eelis," alisema. "Nafikiri. Jaribu nawe, haiumi."

Kwa miaka kumi na miwili Sirkka amefundisha wauguzi walio kazini, wakijadiliana kwa maandishi mtandaoni. Msimu huu wa vuli Jouni, mkuu wetu, alileta programu inayohesabu nani kaandika mara ngapi. Anayeandika sana ni kijani, asiyeandika ni nyekundu. Darasa la Sirkka liliwaka jekundu karibu lote.

"Wanafunzi wako wamelala, Sirkka. Hali ikibaki hivi, darasa linafungwa."

"Jouni, ulipoposa, mkeo alikujibu baada ya siku ngapi?"

"Nne."

"Siku nne nyekundu! Alikuwa amelala?"

Jouni alicheka mpaka masikio yakamwiva, lakini hakubadili neno.

Kwa hofu nilishauri kila mwanafunzi aandike mara tatu kwa siku. Rangi zikageuka kijani. Tulivuna "nakubaliana" mia mbili na kumi.

"Umewapaka rangi tu," Sirkka aliniambia. "Hebu tutazame wanasoma nini."

Tukafungua kumbukumbu za programu. Raija, muuguzi wa mji wa Lieksa, aliyekuwa mwekundu kuliko wote, alikuwa amerudia mara sita kusoma hoja ya mwenzake kwamba watoto wazuiwe kutembelea wagonjwa wodini. Siku ya tatu aliandika mstari mmoja: "Ushahidi huu umetoka hospitali ngapi?" Wenzake tisa wakarudi kurekebisha hoja zao.

Tangu hapo tunahesabu vingine: nani amedai ushahidi, nani amebadili msimamo na kwa sababu gani. Kila Ijumaa Sirkka humpa kila mwanafunzi mchoro wa hesabu zake mwenyewe, ajipime. Sasa wanabishana kwa adabu na kwa ushahidi, na najivunia kuketi meza moja na mama huyu.

Jouni amekubali kupeleka hesabu zote mbili, ya rangi na hii yetu, kwa bodi ya chuo, iamue kama darasa litabaki. Kikao ni keshokutwa, saa tatu asubuhi. Raija ameomba ruhusa wodini. Atakuja kwa basi kuwahoji wajumbe mwenyewe. Natamani siku hiyo ingekuwa imekucha tayari.