Wavu wa Mlizamu wa Kichochoroni

Baada ya sala ya alasiri tulikuwa tunamsikia Babu juu. Naandika "tulikuwa" kwa sababu si mimi peke yangu. Kwaru, kwaru, kimya, kisha kwaru tena, vilevile alivyokuwa akiukwangua mlizamu wa paa, ule mfereji wa bati unaopokea maji ya mvua, kwa kopo la maziwa, akitoa majani na mifupa ya samaki inayoachwa na kunguru. Ulikuwa mwezi wa pili tangu azikwe. Bibi alikuwa kitandani na nguo zake nyeupe za eda, tasbihi mkononi. Akanyanyua uso kutazama boriti, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Taratibu. Utateleza."

Mimi nikajifanya nasoma Bayolojia.

Mbele za watu nasema ni kunguru wanatembea juu ya bati. Lakini mimi nna sababu yangu ya kuogopa, na nilikuwa sijamwambia mtu.

Siku ile Babu alinambia, "Mwanangu, panda ukasafishe mlizamu wa kichochoroni kabla mvua haijaja. Magoti yangu leo hayataki." Nikapanda mpaka mlango wa juu. Nyumba ya ng'ambo ya kichochoro siku hizi ni hoteli, na juu yake wageni wanakula. Kuna siku nilikuwa naanika nguo wakanipiga picha, mmoja akanipungia mkono. Mimi ni mtu ambaye hata darasani nikiitwa sauti hunikauka. Nikawaona wamekaa. Nikasimama nyuma ya mlango kiasi cha muda wa kusafisha, kisha nikashuka.

"Nshasafisha, Babu."

"Mungu akuweke."

Mvua ilipokuja, mlizamu ukafurika. Hakuniuliza kitu. Akapanda mwenyewe kuangalia, akateleza kwenye sakafu ya juu, nyonga ikavunjika. Wiki mbili baadaye akatolewa nyumbani kwa jeneza.

Nyumba yetu ni ya mawe na chokaa, na kuta za namna hii hunywa maji kimyakimya. Ule mlizamu ukifurika, maji huzama kwenye sakafu ya juu na kushuka ndani ya ukuta wa chumba cha Bibi. Ukuta ulikuwa umevimba kama shavu la mwenye jino bovu. Mama alitaka kumhamishia Bibi kwa jamaa zetu wa Chukwani kabla ya masika. Bibi akakataa: eda hukaliwa pale mume alipomwacha mke, miezi minne na siku kumi.

"Na ukuta ukianguka?"

"Utanikuta nimekaa."

Mama akatoa neno la mwisho. Tutafunika mlizamu kwa wavu usijae tena, lakini mvua ya kwanza ikiingia ukutani, Bibi atahama, eda au si eda.

Fundi akaja, mtu mzima kutoka Bwejuu. Alikaa ukumbini, Bibi chumbani nyuma ya pazia, na mimi nikawa wa kupeleka sampuli huku na huku.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Lete mkono wa kazi, maneno baadaye."

Nikampelekea kava ya plastiki yenye matundu. Bibi akaikunja, ikalia pwa. "Hii kunguru ataing'oa kabla hujafika kwenu."

"Kunguru wa mjini wana nguvu hivyo, Bi?"

"Walishaniibia sabuni na kisahani chake."

Fundi akacheka. Nikapeleka wavu wa chuma wa aina mbili: mmoja wa matundu madogo kama wa dirisha la kuzuia mbu, mwengine wa matundu yanayopitisha punje ya mchele. Bibi akapapasa zote mbili, akataka ule wa matundu madogo. Maji ya mlizamu ule huingia kwenye birika analotilia udhu, na hakutaka hata unyoya wa kunguru upite.

"Bi, huo utazibwa na vumbi la chokaa."

"Nimesema."

Shida ikawa njia. Ngazi ya kwendea juu inatokea chumbani kwa Bibi, na kichochoro ni chembamba, hakisimamishi ngazi. Mama akamwomba Bibi aingie msalani dakika mbili fundi apite.

"Apite mwanamme kando ya kitanda hiki, na mwenyewe bado hajamaliza kuondoka?"

Fundi akatazama viatu vyake. Kisha wote wakanitazama mimi.

Nikapanda. Wageni walikuwepo, wanne, na sahani zao. Nikasogea hivyo hivyo mpaka kwenye mlizamu, unaofika kifuani. Ndipo nikaona. Nusu ya kwanza mlizamu ulikuwa safi. Halafu palikuwa na mstari, na kuanzia hapo matope meusi na majani yaliyooza mpaka mwisho. Pale ndipo mkono wa Babu ulipoishia. Ile nusu nyengine ilikuwa inanisubiri mimi.

Nikachota matope kwa mikono. Sikutaka kopo.

Fundi alisimama kichochoroni, hanioni, ananipigia kelele. "Uinamishe! Upande wa ndani juu, wa nje chini, majani yaporomoke! Haya, mwaga ndoo!"

Nikaweka ule wavu wa matundu madogo, nikamwaga maji juu ya bati. Yakateleza juu ya wavu yakanirukia kifuani.

"Yamepita au yameruka?"

"Yameruka!"

"Ushaoga?"

Wageni wakacheka, na mimi, sijui kwa nini, nikacheka. Nikauondoa, nikaweka wa matundu makubwa, nikabana kwa klipu alizonipa fundi. Ndoo ya pili maji yakaingia yote.

Nikashuka nimerowa. Bibi akauliza, "Ushamaliza?"

"Nshamaliza."

"Mungu akuweke."

Aliniamini papo hapo, bila kunitazama. Nikakaa sakafuni nikamwambia yote: mlango, wageni, uongo. Sikulia. Nilisema haraka haraka kama mtu anayesoma tangazo.

Tasbihi ilisimama. Juu ya bati kulikuwa kimya, na ule ukimya niliuogopa kuliko sauti.

"Panda tena," akasema. "Ukaangalie klipu moja moja."

Nikapanda. Nilizihesabu, moja ilikuwa haijabana, nikaibana.

Mvua ya kwanza ya masika ilianza adhuhuri na haikukatika mpaka alasiri. Mama alikuja na begi la nguo za Bibi limeshafungwa. Tukakaa watatu tunatazama ukuta. Begi halikufunguliwa wala halikutoka.

Bibi hajanambia amenisamehe. Hajanambia pia kuwa hajanisamehe. Kila mvua ikinyesha hunituma nikaangalie, na mimi hupanda, wageni wawepo wasiwepo. Leo niliporudi nilimkuta ameweka kiganja ukutani, kichwa amekiinamisha.

"Pakavu," alisema.

Nilikuwa nyuma yake mlangoni, na hakuwa anasema na mimi.