Chairlady Mwikali, Leo Naanza na Kizuri

Watu wangu, akili yangu imekataa. Tangu Jumanne naingia kwa group ya mtaa nikingoja voice note ya Mwikali, zile zake zilizoanza na kicheko kabla ya salamu. Hakuna.

Kwa wale hamkumjua: Mwikali aliuza ndoo na mabeseni sokoni Ikutha, na ndiye aliyekuwa chairlady wa chama chetu cha wakazi, sisi tunaoishi nyuma ya soko la mbuzi. Alikuwa pia rafiki yangu wa chanda na pete. Aliugua siku chache tu, akatuacha.

Sitaki kuandika matanga hapa. Angenicheka. Wacha niwaambie alivyokuwa.

Kabla yake, meeting zetu zilikuwa vita. Huyu analalamikia kelele za posho mill ya kusaga mahindi, yule spika za kanisa, mwingine takataka za soko. Kuna siku mkutano ulivunjika kabla mchungaji hajasema amina.

Mwikali aliposhika kiti alileta sheria moja tu. Mwenye lalamiko juu ya jirani lazima kwanza aseme kitu kimoja kizuri kuhusu huyo jirani. Kizuri cha kweli, mbele ya watu wote. Ukikikosa, unakaa chini na lalamiko lako.

Tuliona ni mchezo. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuijaribu, na nilikuwa nimekuja kumlalamikia yeye mwenyewe! Jogoo wake alikuwa akiwika chini ya dirisha langu kila uchao, giza bado limetanda.

"Sawa, Nduku," akasema, mikono kiunoni. "Lakini anza na kizuri changu."

Nikafikiria, nikasema anapika muthokoi mtamu, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe, maana harufu ilikuwa inanifikia mpaka kwangu nikila ugali na chumvi.

"Secretary, hiyo iandikwe kwa minutes!"

Jumapili iliyofuata akaniita kwake. Muthokoi ulikuwepo, na jogoo alikuwa ndani ya sufuria. Urafiki wetu ulianzia hapo mezani, na sijawahi kula kuku mtamu kama yule.

Lakini siku kubwa ilikuwa ile ya bomba. Watu wa maji walikubali kutuletea bomba mpaka mtaani, ila njia pekee ilipita kwenye shamba la Mzee Kioko, na Mzee Kioko akakataa katakata. Mbuzi wa Mama Ruth, jirani yake, walikuwa wamemaliza ndengu zote alizoanika uani. Sasa hataki bomba lipite kwake kwenda kumnywesha huyo mama na mbuzi wake.

Tukaambiwa wazi: msipoelewana, bomba linaenda mtaa mwingine. Na sisi tulikuwa tunachota maji mtoni kwa punda. Wakati wa kiangazi unachimba mchanga mpaka mikono inachubuka, ndio upate mtungi mmoja wa maji ya matope.

Meeting ikaitwa. Mzee Kioko akasimama na fimbo yake.

"Hizo mbuzi zimekula ndengu yangu yote! Bomba haipiti kwangu!"

"Kizuri kwanza, mzee," Mwikali akasema.

"Kizuri? Cha huyu?"

Akagonga fimbo chini. Mwikali akatoa karanga kwenye mkoba, akaanza kutafuna taratibu, mtu asiye na haraka ya kwenda popote.

Mwishowe mzee akafoka, "Mbuzi zake zimenona!"

Mtu wa nyuma akaropoka, "Si ni ndengu yako, mzee!"

Jamani! Tulicheka mpaka benchi likaanguka. Mzee alijaribu kukaza uso, akashindwa.

"Haya mwaitu, mama yetu," Mwikali akamgeukia Mama Ruth. "Na wewe?"

Mama Ruth hakucheka. Akasema, "Kila asubuhi namsikia akipiga mluzi akikamua ng'ombe. Tangu bwanangu aende, hiyo mluzi ndiyo inaniambia siko peke yangu. Siku asiposikika, nachungulia kwa ua nione kama yuko mzima."

Mzee Kioko akakaa chini. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, hilo bomba lenyewe lina upana gani. Kesho yake Mama Ruth alimpelekea mbuzi, yule aliyenona kuliko wote.

Siku maji yalipofika, Mwikali alikuja na gauni la kanisani na beseni jipya kutoka dukani kwake. Alilijaza, akatumwagia sote, mchungaji naye hakupona. Vigelegele! Mzee Kioko akapiga mluzi, chairlady akacheza mpaka kiatu kikachomoka. Nikifunga macho bado namwona, gauni limelowa chapachapa, anacheka tu.

Jana tulikutana kupanga mazishi. Walioteka maji ya chai ya waombolezaji ni Mzee Kioko na Mama Ruth, pamoja, wakibishana ni nani anayemwaga njiani.

Mwikali, sasa naongea na wewe.

Nina lalamiko. Na kwa kuwa sheria ni yako, nimeanza na kizuri. Hayo yote ya hapo juu ni kizuri chako, na sijafika hata nusu.

Lalamiko ni hili. Yule jogoo mpya uliyemfuga baada ya yule wa sufuria ameanza kuwika chini ya dirisha langu. Leo alfajiri ameniamsha. Nikaketi kitandani nimefura kwa hasira, nikachukua simu nikupigie. Jina lako likatokea, kidole kiko tayari, ndipo nikakumbuka. Nililia mpaka kukapambazuka, na jogoo anaendelea tu na kazi yake.

Jumamosi kuna meeting. Kiti chako kitakuwa pale mbele na sheria yako itafuatwa, mimi mwenyewe nitasimamia. Na jogoo nimewaomba watoto wako waniachie nimlishe. Haendi sufuriani huyu. Awike.

Wewe lala vizuri, chairlady wangu. Asikuamshe mtu, hata yeye.