Wembe Kwenye Mchoro wa Phanice

Nasimiyu alifika kwenye kituo cha watoto pale Kitale amefura, na wala hakubisha hodi. Alikuwa ametoka Naitiri kumchukua mjukuu wake, Phanice, na akiwa njiani akapigiwa simu kwamba mtoto haendi nyumbani. Haendi! Mtoto aliyemzika mama yake juzi juzi tu, akawa halali wala hachezi, mpaka mwalimu akashauri aletwe hapa achorechore, moyo utulie.

"Ni nani amesema haendi?" akamuuliza Kimutai, msimamizi wa kituo.

"Si mimi, mama. Ni mshauri wetu."

Mshauri mwenyewe alikuwa ndani ya tableti. Roboti ya akili bandia, jamani! Mtoto anachora, mchoro unapigwa picha, roboti inamwongelesha kwa sauti laini, halafu inamwandikia Kimutai ripoti. Ya Phanice ilisema: mtoto ana hofu, bibi yake anamtishia kwa wembe, asirudishwe nyumbani.

Nasimiyu akaunyakua mchoro. Alijiona mwenyewe ameshika wembe, Phanice amekaa mbele yake, nywele ziko chini, na nyuma yao watu wote ni vipara vitupu. Pembeni alikuwa mama wa mtoto, amelala. Damu ikamchemka.

"Kimutai, wewe umezaliwa hapa hapa. Hujawahi kuona Wabukusu tukinyolewa baada ya mazishi? Tulinyoa familia nzima! Hata mimi, si unione!" Akavua kitambaa, kichwa kikabaki wazi mbele ya watu. "Ulishindwa hata kumuuliza mtoto?"

Kimutai alijua. Ameona majirani wakinyolewa tangu utotoni. Lakini aliinamia tableti. "Ngoja niiulize tena, mama."

Aiulize tena! Mtoto yuko chumba cha pili, ana mdomo wake, na mwanaume mzima na ndevu zake anaomba ruhusa kwa tableti! Nasimiyu alimtukana kwa Kibukusu mpaka mpishi akatoka jikoni kutazama. Wapi! Roboti ilitaka mchoro mpya.

Phanice akaletewa karatasi. Akamwangalia bibi yake, akaiangalia tableti, akachora haraka haraka: jua kubwa, maua, nyumba, yeye na bibi wakicheka, nywele tele vichwani.

"Vizuri sana, Phanice!" roboti ikasema. "Naona moyo wako umeanza kupona."

Kimutai akatabasamu, akawaruhusu waende.

Nje ya geti Nasimiyu akamuuliza mjukuu wake, "Na mama yako, mbona hukumchora?"

"Nikimchora, kukhu, hawataniacha niende na wewe."

Nasimiyu akageuka arudi ndani, hasira zimempanda upya, awaambie yote aliyobakiza. Lakini mtoto alimng'ang'ania mkono kwa nguvu zake zote, akawa anamvuta kuelekea stendi.