Aliyekaa Mbele ya Kamera ya Bhoke

Haya niliyaona mchana, jua likiwaka, nikiwa na akili zangu timamu. Sinywi pombe. Natengeneza kompyuta, kazi niliyojifunza mwenyewe kwa kufungua mashine mbovu na kusoma, na kazi hiyo imenizoesha kutosema kitu kimeharibika kabla sijakipima. Ukitaka kucheka, cheka, lakini usiseme niliona vibaya.

Bhoke alinipigia simu asubuhi. Anakaa pembeni mwa Nyamisangura, hapa Tarime, kule ambako nyumba zinaanza kuachana na migomba inaingia katikati. Kompyuta yake ilikuwa haiingii kwenye mtandao, na saa kumi jioni alikuwa na usaili. Kambi moja ya watalii upande wa Natta ilikuwa inatafuta karani wa mapokezi, na yeye alikuwa miongoni mwa wachache waliobaki. Wangemsaili kwa video.

"Njoo mjini," nilimwambia, "utatumia mashine yangu."

"Siwezi kutoka, kaka. Nina msiba. Aliyenioa amefariki."

Nilielewa. Kwao mjane hatoki bomani mpaka wazee wa ukoo wamwondoe matanga, na akitoka kabla ya hapo hatasamehewa. Nikachukua mfuko wangu wa vifaa, nikaenda.

Nilipita kando ya kaburi jipya, udongo wake bado mwekundu. Nikatoa pole. Bhoke alikuwa bado msichana kwa sura, kichwa kimenyolewa, anaongea taratibu kama mtu aliyechoka kujibu maswali. Alinionyesha meza ya kompyuta sebuleni, kisha akatoka kuwapokea watu waliokuja kumpa pole. Nilipogeuka ndipo nikaona kwamba karibu na ukuta, kwenye kigoda, amekaa bibi kizee. Alijifunga kitambaa cha kijani kichwani, na jicho lake moja lilikuwa na ukungu.

"Shikamoo, mama."

"Fanya kilichokuleta, mura," alisema.

Nina mvi, lakini kwa wazee wa Kikurya unabaki mura, kijana, mpaka unazikwa. Nikajua ni mama mkwe wa Bhoke. Wewe ungedhani ni nani?

Nilianzia pale ninapoanzia siku zote, kwenye waya. Waya ulikuwa mzima. Taa zote za modemu ziliwaka, na bando lilikuwepo. Niliunganisha simu yangu kwenye modemu hiyo hiyo na kurasa zikafunguka bila shida, kwa hiyo tatizo lilikuwa ndani ya kompyuta, au ndivyo akili inavyokwambia. Nikatazama tarehe yake, maana tarehe ikikosewa mashine hukataliwa na kurasa nyingi. Ilikuwa sahihi. Nikafuta mtandao uliohifadhiwa, nikaingiza neno la siri upya, nikazima, nikawasha. Nikabadilisha waya kwa wangu. Jibu likawa lile lile: hakuna mtandao.

"Imekushinda," alisema yule bibi.

"Bado, mama."

"Iache. Nyumba hii haina mvulana. Huyo akienda kuwatandikia Wazungu vitanda, hapa atabaki nani?"

"Siyo vitanda, mama. Ni kazi ya ofisi."

"Ofisi," alisema, kama anayetema kitu. Kisha akauliza kwa upole ambao sikuutarajia, "Na hao watu wako mbali. Watamwonaje?"

Nikamweleza. Mtu akiuliza, mimi humweleza. Nilimwonyesha tundu dogo la kamera juu ya kioo, nikamwambia kwamba anayekaa kwenye kiti kile akatazama pale, wao wanamwona uso, na akisema wanamsikia. Alisikiliza vizuri kuliko wanafunzi wengi niliowahi kuwa nao.

Bhoke alirudi na kikombe kimoja cha chai, akaniwekea mezani. Alipita karibu na kigoda bila kutazama, na yule bibi hakusema neno mpaka alipotoka. Nikadhani wamekosana. Misibani mambo hayo yapo.

Muda ukafika, kompyuta bado. Nikatoka barazani nikampa Bhoke simu yangu, nikamwambia asailiwe kwa hiyo, penye mwanga. Alifungua barua pepe yake, akabonyeza linki. Maandishi yakatokea kwamba mwenye jina hilo ameshaingia kwenye mazungumzo. Akajaribu tena, ikawa vile vile.

"Nani ameingia, kaka?"

"Hakuna aliyeingia. Mtandao umejichanganya tu."

Nilichungulia ndani kupitia mlangoni. Bibi alikuwa amehamia kwenye kiti cha mbele ya kompyuta, mgongo umenyooka, midomo inacheza. Kioo kilikuwa cheusi. Nikasema moyoni, uzee huo. Niamini, sikuwaza zaidi ya hapo.

Tukaendelea kubonyeza mpaka simu ndogo ya Bhoke ikaita. Aliweka sauti ya nje. Alikuwa mama mmoja wa kule kambini.

"Bhoke, tumeshaongea na mama yako."

"Mama yangu yuko Sirari. Hana hata simu."

"Huyu wa kwenye video. Amesema umeolewa na hutoki hapo. Tumemwomba akupishe, amekataa. Dada, sisi mambo ya familia hatuwezi kuyaingilia. Nafasi tumempa mwingine."

"Amevaa nini?" Bhoke aliuliza.

"Kitambaa cha kijani. Na jicho moja kama haoni vizuri."

Simu ilipokatika nilimwambia, "Si mama mkwe wako? Yumo ndani muda wote."

Tuliingia. Kiti kilikuwa kitupu, na kigoda hakikuwepo. Kompyuta ilikuwa imewaka na mtandao umo, barua zinaingia zenyewe.

Bhoke hakupiga kelele. Alishika ukingo wa meza. "Sina mama mkwe," alisema. "Huyo ndiye aliyenioa. Ndiye tuliyemzika hapo nje."

Nyumba ntobhu. Mimi nimekulia Mugumu na jambo hilo nalijua: mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe, akaoa msichana wa kumzalia watoto kwa jina la nyumba yake. Nalijua tangu utoto. Lakini niliposikia "aliyenioa amefariki," nilimwona mwanamume kaburini. Nani angewaza ni bibi?

"Alipokuwa hai hakujua hata kuwasha redio," Bhoke alisema. "Ile kamera nani alimwonyesha?"

Nikamwambia ni mimi.

"Basi kazi umeimaliza, kaka. Nenda."

Matanga yalipokwisha alipanda basi akaenda Mugumu, akaomba usaili mwingine kwa kompyuta ya duka la huduma za intaneti, mbali kabisa na boma lile. Alipobonyeza linki, aliambiwa mwenye jina hilo ameshaingia. Hakunipigia nimsaidie, alinipigia ili nijue. Sasa yuko pale pale bomani. Wazee wa ukoo wamemchagulia mwanamume wa kuzaa naye, kwa sababu nyumba ya marehemu inataka mvulana, na kompyuta ameifunika kwa khanga. Tukikutana sokoni ananisalimia kwa adabu na kupita, na hiyo adabu inanichoma kuliko matusi.

Mimi bado natengeneza mashine, maana ndicho ninachokijua. Lakini wewe unayesoma, ukiitwa kwenye nyumba yenye msiba kutengeneza chochote, uliza aliyezikwa ni nani, na alikuwa nani kwa huyo anayekuita. Kisha mwambie akutajie kwa mdomo wake wote waliomo chumbani. Ukimwona mmoja ambaye hakumtaja, funga mfuko wako uondoke, kabla hujamweleza mtu huyo kitu chochote.