Kilio Ambacho Hakikuingia

Neno usasabaadaye nililisikia mara ya kwanza chuoni, kutoka kwa mwalimu aliyelitamka kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki ngege kooni. Alisema ni zama ambazo picha ya kitu inathaminiwa kuliko kitu chenyewe. Tukaandika, tukafaulu mtihani, tukasahau. Siku hizi nikienda kunywa chai ufuoni nakuta hoteli imebandika picha kubwa ya ziwa ukutani, na watu wameligeuzia ziwa lenyewe mgongo wakijipiga picha mbele ya lile la ukutani. Ati mwanga wake ni mzuri.

Lakini somo lenyewe nililielewa kwenye mazishi ya mama mkubwa.

Mama mkubwa ndiye aliyemlea mama yangu. Bibi yetu alipofariki, yeye ndiye aliyembeba mdogo wake mgongoni akienda shambani na akienda ziwani. Kwa hiyo mama alikuwa na jambo moja tu la kufanya duniani: kumlilia dada yake ipasavyo. Kwetu mwanamke haingii msibani kimya kama aliyekuja kuazima chumvi. Anaanza kulia kabla ya geti, anaingia mbio akimsifu marehemu, mpaka boma lijue nani amefika. Anayeingia kimya, watu hujiuliza kama si yeye aliyemla marehemu.

Mwana wa kwanza wa marehemu, bwana mkubwa wa mtaa wa kitajiri wa Milimani, hakutaka mambo ya kishamba. Alikodi wapiga video, akachapisha fulana zenye picha ya mama yake. Fulana ya mama yangu ililetwa kwangu, mtaani Migosi, kabla hatujaondoka. Sasa, mama mkubwa alikuwa wa kizazi kile kilichong'olewa meno ya chini kwa desturi, na maisha yake yote alicheka na pengo lake bila kumwomba mtu radhi. Kwenye fulana alikuwa na meno yote, meupe pe, utadhani anauza dawa ya meno.

Mama akaniuliza meno yale ni ya nani. Nikamwambia ni ya kompyuta. Akaikunja fulana, akaitia mkobani.

Tulipokaribia boma akaanza kulia. Sauti ile sijawahi kuisikia tena. Alimwita dada yake "mgongo ulionibeba", akaingia mbio na uzee wake wote, leso ikamwanguka. Mimi nililia, na sioni haya kusema. Alipofika kwenye jeneza aliweka mkono juu yake, sauti ikamwishia.

Ndipo mpiga video akaja, kwa heshima zote. Kumbe mama alipoingia, yeye alikuwa akibadilisha betri.

"Mama, samahani, hiyo haikuingia. Tafadhali rudi getini uingie tena."

Nilidhani mwana wa marehemu atamfukuza. Wapi! Alimshika mama mkono akambembeleza: jamaa walio Amerika walikuwa wanatazama moja kwa moja, na hawajamwona akifika. Kumbe mama alikuwa hajafika. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Nilitaka kugombana. Mama akanizuia. Aliokota leso yake, akarudi getini polepole, kisha akaingia tena, kamera ikimtangulia kinyumenyume. Aliingia kimya, mdomo umefungwa, mbele ya boma zima, akijua vizuri kinachosemwa juu ya wanaoingia hivyo. Akaketi na akina mama wengine, na hakuna aliyemsogelea.

Baada ya wiki chache video ikatufikia kwenye simu, imepambwa. Mama anaonekana akiingia taratibu, na juu yake kuna kilio, tena kilio kizuri, cha mwanamke fulani aliyekilia kwenye msiba mwingine tusioujua. Ukoo ulijaza pongezi: mama amelia, mama amemheshimu dada yake. Hata waliomkwepa siku ile walituma vile vikaragosi vya mikono ya kuomba.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudishe nyuma, akasikiliza tena.

"Huyu anayelia ni nani?"

Nikamwambia hatumjui, ni sauti tu wameweka.

Akanirudishia simu.

"Mtafuteni," akasema. "Nikifa, aje yeye anililie. Nyinyi mikono yenu itakuwa na simu."