Kwa Nini Chokoleti Yangu Haiuzwi Tena

Jamani, leo nimeduwaa mpaka sasa sijakaa sawa.

Ile chokoleti nyeusi, ya bei, inayotengenezwa kwa kakao ya hapa kwetu Kyela. Mnajua ninavyoipenda.

Asubuhi nimeingia dukani mjini kuinunua. Muuzaji akatikisa kichwa.

"Dada, hiyo haiji tena. Kiwanda kimeiacha. Wanasema hawapati kakao iliyovundikwa vizuri, ikachachuka kabla ya kuanikwa."

Nikapanda bajaji hadi kijijini kwetu Bujonde na hasira zangu. Nikamkuta mama shambani, anapasua kakao.

"Mama, nani huku ameacha kuvundika?"

Hakuinua hata macho. "Mimi. Na majirani wote."

Eti nini?!

"Wanunuzi wanaichukua mbichi kwa bei ileile ya iliyovundikwa, mwanangu. Nihangaike siku sita kuigeuza kwenye masanduku, kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya chokoleti, mama!"

Hapo akaacha panga, akaniangalia.

"Kwani hiyo ikoje mdomoni?"

Miaka yote naila peke yangu mjini, na sijawahi kumpelekea hata kipande.

Wenzangu mliosomeshwa na kakao, ninyi mmewahi kuwaonjesha wazazi wenu? Semeni ukweli.