Kona za Fundi Msabaha

Jumapili ile wacheza dansi walijikwaa mara tatu katika wimbo mmoja, na mara zote tatu macho yaligeukia jukwaani, kwa Msabaha.

"Lo! Nani kakanyaga breki?" aliuliza Mwanvita, mchezaji asiyekosa dansi wala neno. "Fundi, wimbo huo unaupiga au unaupima?"

Watu wakacheka. Msabaha naye akacheka, maana mtu mzima akichekwa hadharani hana nguo nyingine ya kujisitiri.

Mchana alikuwa fundi cherehani barazani kwa Hakimuddin, muuza vitambaa wa Dunda. Jioni alipiga gitaa kavu la rithim, lile la kushikilia mapigo, katika bendi ya Mrisho. Rithim ni kazi isiyo na sifa: ukiipiga sawasawa hakuna anayekusikia, ukikosea mji mzima unakujua jina. Gitaa lenyewe lilikuwa mali ya bendi. Anayepoteza nafasi hupoteza na gitaa.

Mrisho, mpiga solo na kiongozi, hakucheka.

"Kaka Msabaha, Sabasaba tunapiga uwanjani. Nimemwita Alawi wa Kaole. Atakaa mbele na gitaa lake. Ukitusimamisha mara moja tu, anapanda."

"Mara moja?"

"Mara tatu umekwisha zitumia leo."

Zilibaki siku tisa. Msabaha akafanya kama wafanyavyo wenye hofu: akaongeza mapambo. Wimbo ulitaka kodi tatu tu, yaani mikao mitatu ya vidole shingoni mwa gitaa. Yeye akatia ya nne na ya tano, kama mpishi aliyeunguza wali akaamua kuuzidishia viungo. Alijizoeza hapo hapo barazani, adhuhuri, duka likiwa limefungwa. Siku ya nne Hakimuddin alitoka na kikombe cha chai.

"Bwana Msabaha, mimi muziki sijui. Lakini cherehani yako naisikia mwaka wa kumi na mbili huu. Nikiwa ndani kule najua bila kuchungulia: sasa anashona mstari, sasa kafika kona ya kola."

"Unajuaje?"

"Kwenye kona unapunguza mguu, unasimama, unageuza kitambaa, ndiyo unaendelea. Fundi mzuri! Na gitaa unalishona hivyo hivyo."

Msabaha akataka kubisha, akapiga kwanza. Kabla ya kila kodi mpya mkono wa kulia ulisimama, kwa adabu kabisa, kuusubiri wa kushoto ugeuke. Miaka kumi na miwili ya kola safi ilikuwa imemharibu.

Akatupa mapambo. Akarudi kwenye kodi tatu na mpigo mmoja: chini, chini-juu, chini, chini-juu. Sharti likawa moja: mkono wa kulia haumngojei mtu. Vidole vikichelewa, nyuzi na zilie butu, lakini mkono uende. Ilimuuma. Kwa fundi, huko ni kupitisha sindano kitambaa kikiwa hakijakaa. Mkewe Sihaba, baada ya kuusikia mpigo ule nyumbani siku tano mfululizo, alisema wazi kuwa afadhali mbu.

Sabasaba ikafika. Uwanja ulijaa, jua la alasiri likiwaka. Alawi alikaa mstari wa mbele, gitaa mapajani, amekwisha livua mfuko wake.

"Shikamoo, kaka Msabaha."

"Marahaba."

"Usijali, mimi nimekuja kutazama tu." Akaanza kukaza nyuzi.

Mrisho akauanza wimbo. Hakuwatazama watu, alisimama akimkabili Msabaha, macho kwenye vidole. Kodi ya kwanza, salama. Ya pili, salama. Kwenda ya tatu, jasho likatelezesha kidole, na nyuzi zikalia kama mtu apigaye gunia. Mkono wa kulia ukashikwa na hamu ya zamani, hamu ya kusimama na kuangalia kona.

Alawi akasimama.

Mkono ukaenda. Chini, chini-juu. Kidole kikakaa mahali pake mpigo wa pili. Chini ya jukwaa Mwanvita alikuwa amekwisha zunguka na mwenziwe, wala hakugeuza shingo.

Mrisho akaurudia wimbo tangu mwanzo, mara ya tatu, ya tano, akitafuta ufa. Vidole viliteleza tena mara mbili. Mkono haukungoja. Ndipo Mrisho akampa Msabaha mgongo, akawageukia wachezaji. Na mpiga solo hampi mgongo mtu asiyemwamini.

Alawi, bado wima, aliuliza kama bendi haina haja hata ya mtu wa kutikisa manyanga. Akaambiwa angoje wimbo uishe.